Vimeng'enya vya kubuni: asidi amino ya 21 inahitajika lini?

Mpishi wa togwa huku Iringa hatii kimea kwenye uji unaochemka. Husubiri upoe mpaka kidole kiweze kuustahimili, ndipo hukoroga unga wa kimea cha ulezi, na baada ya muda mfupi uji uliokuwa mzito hulainika na utamu huanza kusikika. Kazi hiyo hufanywa na amilesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kemia) kinachokata wanga kuwa sukari, ambacho joto kali hukiharibu.

Amilesi hiyo imejengwa kwa asidi amino 20 za kawaida, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kuwa protini. Mwaka 2001 kundi la Peter Schultz nchini Marekani lilionyesha kwamba bakteria anaweza kuongezewa ya 21, ikapachikwa penye alama ya UAG katika maelekezo ya jeni, ambayo kwa kawaida huamuru ujenzi wa protini ukome. Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito: kuna kazi za kikemia ambazo asidi zile 20 hazina kiungo (kundi la atomi) cha kuzifanya vizuri. Mwaka 2019 kundi la Anthony Green huko Manchester liliweka histidini (mojawapo ya zile 20) iliyoongezewa methili, kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni, ndani ya protini iliyobuniwa kwa kompyuta, likapata kimeng'enya cha kuvunja esta (aina ya kampaundi za kaboni) chenye ufanisi unaozidi mara 9,000 ule wa asidi amino hiyo ikiwa peke yake kwenye mmumunyo.

Hata hivyo, ufanisi huo haukuletwa na kiungo kipya peke yake. Ulihitaji mizunguko ya kubadili protini, kuipima na kuchagua iliyo bora, yaani mageuzi elekezi, kazi iliyompa Frances Arnold sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018, naye aliianza kwa asidi 20 zilezile. Zaidi ya hapo, asidi mpya hutengenezwa maabara na kulishwa bakteria, na mara nyingi protini hukatika njiani kwa sababu UAG bado husomwa kama kikomo.

Hofu ya bakteria hawa waliobadilishwa kutoroka maabara naiona kuwa na jibu zuri: mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitengeneza bakteria wanaokufa wakikosa asidi amino ya maabara. Lakini kufuli hilohilo humfunga pia mtumiaji, kwa kuwa atamtegemea daima muuzaji wa chakula hicho, na kwa maabara ya Mbeya inayoagiza kemikali kutoka mbali jambo hili si dogo.

Kwa hiyo ningependa vijana wetu wa Mbeya na Iringa waanze na mageuzi elekezi, kisha waiendee asidi ya 21 pale tu mmenyuko unaotakiwa unapokosa kiungo cha asili. Tatizo la uji wa moto halijafika huko: bakteria Bacillus licheniformis tayari hutoa amilesi inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 90, na imejengwa kwa asidi 20 za kawaida.