Rejesho la 881,000: Familia Changa Ikope Nyumba Dar?

Tuchukue mke na mume wanaoishi Tabata na watoto wawili. Mke ni muuguzi, anapokea 1,000,000 mkononi. Mume anauza vipuri eneo la Gerezani, karibu na Kariakoo. Mwezi mzuri anapata 900,000, mwezi mbaya nusu yake. Kodi ni 350,000, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Wameona nyumba Kibada, Kigamboni, ya milioni 75. Wana akiba ya milioni 15, hivyo wakope 60.

Kwa miaka mingi riba za mikopo ya nyumba nchini zimecheza kati ya asilimia 15 na 19. Tuseme 16, kwa miaka 15: rejesho ni kama 881,000 kwa mwezi, na hadi mwisho watakuwa wamelipa karibu milioni 159. Wengi hukimbilia kurefusha muda. Ukifika miaka 20, rejesho linashuka kwa takriban 46,000 tu, lakini jumla inaongezeka kwa zaidi ya milioni 41. Kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za mikopo ya nyumba, kumezisaidia kukopesha kwa muda mrefu. Muda mrefu, hata hivyo, hauponyi riba kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo ofisa mikopo hatalisema kwa sauti. Baada ya miaka mitatu watakuwa wametoa karibu milioni 32, na deni litakuwa limepungua kwa chini ya milioni 4. Mume akiugua mwaka wa nne, wakalazimika kuuza, sehemu kubwa ya walichotoa imeshakwenda kwenye riba.

Basi wajenge kidogo kidogo kama wengine? Hapa nadhani wapinzani wa mkopo wanajidanganya kidogo. Kiwanja leo, msingi mwakani, halafu boma linasimama bila bati miaka minne huku saruji na nondo zikipanda bei, na kodi ya Tabata haijasimama hata mwezi mmoja. Fedha iliyozikwa kwenye boma haizai chochote. Bado hujagusa viwanja vilivyouzwa mara mbili, au vya kienyeji vyenye karatasi ya serikali ya mtaa tu. Benki, kwa ubinafsi wake, inamlinda mkopaji: haitoi fedha bila hati safi na mthamini. Na kwa kawaida bima ya maisha inayodaiwa na benki hulipa deni lililobaki mkopaji akifariki. Boma halina bima hiyo.

Hata hivyo kwa familia hii jibu langu ni hapana, kwa sasa. Utaratibu wa kumwachia mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake unamaanisha mke peke yake hawezi kubeba 881,000. Lazima kipato cha Gerezani kihesabiwe, nacho kinapita mkononi na kwenye simu bila kumbukumbu ambazo benki itaziamini. Wakikubaliwa, mwezi mbaya utawaachia kama 570,000 za chakula, ada, dada wa kazi, wazazi kijijini, na nauli za watu wawili kutoka Kigamboni kuvuka kwenda mjini, gharama ambayo Tabata ni ndogo zaidi.

Hesabu ingebadilika kama wote wangekuwa na ajira za kudumu na kodi yao ingekuwa 600,000. Hapo tofauti kati ya kupanga na kulipa benki inakuwa ndogo kiasi cha kuvumilika, na ningewashauri wakope miaka 15, si 20.

Kwa hawa wa Tabata, ile milioni 15 ingefaa kiwanja kilichopimwa chenye hati, huku mume akianza kupitisha mauzo yake benki kila siku. Na siku watakaporudi kuomba mkopo, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Anayeombwa saini aione kwanza ile ratiba ya marejesho, mwezi kwa mwezi, na si kiasi cha mkopo tu.