Mdhamini wa Kitabu cha Sungura

Mtu anayesema kwamba kuazima kitabu cha watoto maktaba ni jambo la bure hajawahi kulala nyumba moja na kitabu hicho. Fomu ya uanachama wa mtoto ina nafasi ya mdhamini, na mdhamini ndiye mimi, niliyetia sahihi kwamba kitabu kikipotea, kikichanika au kikilowa, nitakilipa. Mwanangu, ambaye ndiye mwanachama, hakutia sahihi yoyote, na usiku hulala fofofo.

Tangu kitabu cha sungura aliyemlaghai fisi kiingie nyumbani kwetu Mbagala, tunaishi kwa masharti. Ni marufuku kukifungua kabla ya kunawa mikono kwa sabuni, na povu lazima nilione kwa macho yangu. Ni marufuku pia kukisoma karibu na uji, mafuta ya nazi, kalamu za rangi na mdogo wao wa mwisho, ambaye kwa imani yake karatasi ni kitoweo. Mchana kitabu hukaa juu ya kabati pamoja na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja. Mama mkwe wangu, alipokuja kututembelea, aliuliza ni nyaraka gani hiyo inayotunzwa kwa adabu namna ile, nikamjibu kwamba ni hadithi ya sungura. Alinyamaza, lakini tangu hapo hunitazama kwa jicho la huruma na humuuliza binti yake kama kazini kwangu mambo yanakwenda vizuri.

Jirani naye alimtuma mwanawe aje akiazime. Nilipokataa, ikasemwa mtaani kwamba nimeanza kujivuna, ilhali miaka yote tumeazimana kinu, ngazi na hata viti vya msibani bila kuandikishana. Sasa nitamwelezaje jirani kwamba kinu hakina tarehe iliyogongwa muhuri?

Na kitabu chenyewe lazima kisomwe kila usiku. Nikiruka ukurasa kwa sababu macho yamelegea, msomaji huyu wa miaka mitano, ambaye bado anachanganya b na d, hunishika mkono na kunirudisha pale fisi alipotumbukia kisimani, kisha hudai nimlize fisi kwa sauti inayostahili, hata kama wapangaji wenzetu wameshalala.

Muda ukiisha, tunakwenda kuuongeza. Huko Garissa, nchini Kenya, tangu mwaka 1996 wafugaji wamekuwa wakipelekewa vitabu na ngamia, nami nawaonea wivu, kwa kuwa sijasikia ngamia akijaza abiria hadi mlangoni, akifunga breki ghafla na kumwagia kitabu cha watu juisi ya ukwaju. Sisi hupanda daladala, kitabu kikiwa ndani ya shati langu. Tukifika, penye tangazo la kuomba ukimya, mwanangu huuliza kwa sauti ya mnadani kwa nini yule babu anasoma gazeti akiwa amefumba macho.

Mkutubi, mama mpole sana, alinipa moyo kwa kunisimulia habari za S. R. Ranganathan, mtaalamu wa maktaba wa India, aliyechapisha mwaka 1931 kanuni tano ambazo wakutubi wanafundishwa hadi leo: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji apate kitabu chake, kila kitabu kipate msomaji wake, muda wa msomaji uokolewe, na maktaba ni kiumbe kinachokua. Namheshimu marehemu, lakini naona hakumwekea mdhamini hata kanuni moja. Mwanangu yeye ameshika ile ya pili kwa ukamilifu: amepata kitabu chake, basi, na rafu nzima iliyojaa simba, kobe na nyani haimhusu.

Safari iliyopita mkutubi alitikisa kichwa na kusema kwamba muda hauongezeki tena, kwa kuwa mtoto mwingine ameshakiwekea nafasi. Moyoni nilishangilia, ila usoni nikajikaza na kumweleza mwanangu kwa sauti ya msiba. Hakulia. Alikikumbatia kitabu, akamtazama mkutubi kwa ukali, akataka kwanza ahakikishiwe kama huyo mtoto hunawa kwa sabuni, na kama kwao kuna kabati.