Elfu Nane kwa Maji ya Rangi

Joto la Dar la Februari mnalijua, sina haja ya kulieleza. Ndiyo maana juzi, nilipoona "chai ya barafu ya pasheni" kwenye menyu ya mgahawa mmoja (jina nawasitiria), shilingi elfu nane, nikasema potelea mbali. Ikaja glasi ndefu, mrija, na jani la nanaa limekaa juu kama bibi harusi. Nikanyonya. Sukari tupu, na harufu ya peremende.

"Dada, hii chai mnaipika wenyewe?"

"Hapana kaka, ni unga. Tunakoroga na maji."

Unga! Nchi ina mashamba ya chai Mufindi, Rungwe, Lushoto, majirani zetu Kenya wana Kericho nzima, halafu mtu anakuuzia unga kutoka ng'ambo. Za chupa nazo, geuza usome kibandiko: mara nyingi ni maji, sukari, na chai yenyewe imetajwa huko mkiani. Haya, njiani kwenye basi la Mbeya zinasaidia, sikatai. Lakini nyumbani? Una sufuria, una majani, pasheni zimejaa sokoni. Shida iko wapi?

Shida ni kwamba wengi wetu tunapika chai ya rangi kwa kuitesa. Majani yanatokota mpaka jikoni kunanuka, kisha tunashangaa ikipoa inakuwa chungu na inakwaruza ulimi. Chai ya moto sukari huficha dhambi hizo, ya baridi haifichi. Majani yetu mengi ni yale ya punje ndogondogo, yanatoa rangi upesi mno. Kwa hiyo chemsha lita moja ya maji pamoja na mchaichai uliopondwa na kipande cha tangawizi, zima moto, ndipo utie majani vijiko viwili vya chai. Funika dakika tatu, nne ukizidi sana, uchuje. Usikamue majani kwenye chujio! Uchungu wote umejificha humo. Sukari itie hapohapo ingali moto, maana kwenye baridi itakaa chini ya glasi ikikutazama.

Kisha iache mezani ipoe yenyewe. Ukiikimbiza kwenye friji ikiwa moto, inapata ukungu, inafanana na maji ya mto baada ya mvua. Haijaharibika, ila hakuna mgeni atakayekuamini. Ukitia maji ya moto kidogo inarudi kung'aa. Ndimu na maji ya pasheni yaliyochujwa vinaingia mwisho, chai ikishapoa, na hapo utaona ndimu inavyoipausha rangi ikawa kama asali. Barafu igandishe mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa. Ya kununua mtaani sijui maji yake yametoka bomba gani, na wewe hujui.

Shangazi yangu wa Tanga hataki kusikia haya. "Mwanangu, chai ya moto ndiyo inayopoza mwili, unatoka jasho." Shikamoo shangazi, lakini jasho hupoza likikauka. Huko Dodoma kwenye hewa kavu, sawa. Hapa pwani hewa yenyewe imelowa, jasho linakaa shingoni tu linakusikilizia. Basi yeye hunywa yake ya moto, mimi yangu ya barafu, tunatazamana.

Choya, yale maua mekundu yaliyokaushwa, nayo ni tamu kwa mtindo huohuo, ingawa si chai. Iliki punje mbili tu. Ukwaju mimi siuchanganyi na chai ya rangi, mdomo unakunjamana. Umeme ukikatika usiku na jagi likashinda kwenye friji lenye joto, mwaga, usilihurumie.

Na maziwa? Kwenye chai yenye ndimu? Jaribu, uone yanavyokatika.