Nguruwe kibete mchanga na dozi ya mtoto

Mwaka 1959 madaktari wa Marekani waliripoti vifo vya watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria. Tumbo lilivimba, ngozi ikageuka kijivu. Dawa ilikuwa ileile ya watu wazima, ila ini changa halikuwa na vimeng'enya vya kutosha kuivunja, ikarundikana mwilini. Tangu hapo ni vigumu kumtetea anayesema dozi ya mtoto ni hesabu ya uzito tu. Lakini je, kuijaribu dawa kwa mnyama mchanga kwanza kunatuambia tunachotaka kujua?

Panya ndiye aliyezoeleka. Nguruwe kibete wa Göttingen, aliyezalishwa na chuo kikuu cha mji huo wa Ujerumani katika miaka ya 1960, ana watetezi wenye hoja nzito. Ngozi na moyo wake viko karibu zaidi na vyetu. Huzaliwa na gramu 400 hivi, na kitoto kimoja huweza kutolewa damu mara kadhaa, wakati kitoto cha panya mara nyingi huuawa kwa sampuli moja. Hubalehe kwa miezi minne hadi sita, hivyo utoto wake wote unafuatiliwa kwa muda mfupi.

Hata hivyo, kondo la nguruwe halipitishi kingamwili. Kitoto huzipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, saa za mwanzo za uhai wake. Mtoto wa binadamu huzaliwa nazo kutoka kwa mama. Kwa dawa zinazogusa kinga, tofauti hiyo si ndogo. Figo za kitoto cha nguruwe nazo huendelea kujengeka baada ya kuzaliwa, ilhali za mtoto aliyetimiza miezi zimekwisha kukamilika. (Ukiwaza njiti, kasoro hiyo hugeuka faida.)

Mnyama mchanga huweza pia kututisha kupita kiasi. Siprofloksasini na jamaa zake, dawa nyingine za kuua bakteria, ziliharibu gegedu za mbwa wachanga, na kwa miaka mingi madaktari wakasita kuwapa watoto. Kwa watoto waliozitumia, maumivu ya viungo yaliyojitokeza kwa sehemu kubwa yalipita.

Mwongozo wa kimataifa wa S11, unaohusu majaribio ya dawa za watoto kwa wanyama na uliopitishwa 2020, unataka kwanza iulizwe kama jaribio lenyewe linahitajika, na kwa kawaida unaridhika na spishi moja, panya akipewa kipaumbele anapofaa. Naukubali. Kwa dawa ya kupaka ningemchagua nguruwe bila kusita. Kwa kidonge ambacho majaribio yake yote ya awali yalifanywa kwa panya, kumleta nguruwe mchanga peke yake ni kupata matokeo yasiyo na cha kulinganishwa nacho: hutajua kama madhara yametokana na umri au na spishi.