Bosi Yuko Safarini

Kazi yangu ni kuwakalisha meza moja wafanyabiashara ambao shida ya kuanza imewaisha, sasa wanahangaika na shida ya kukua, wasaidiane. Kundi linalofaa ni la watu 6 hadi 10, lisiwe na washindani, na zaidi ya yote asiwemo mtu na mteja wake. Fomu ya kujiunga iliyotumika msimu wa kisa hiki iliuliza jina la kampuni lililosajiliwa na shughuli kuu moja. Jina linaloandikwa kwenye ankara halikuulizwa, wala wateja watano wakubwa.

Siku hiyo aliyekaa kiti moto, yaani mwenye zamu ya kueleza shida yake, alikuwa dada mwenye kiwanda cha katoni. Utaratibu ni dakika 45: 10 anaeleza bila kukatizwa, 15 ni maswali tu, 15 anawapa mgongo wenzake wakisimulia yaliyowakuta wao, na 5 anatamka atafanya nini na lini. Majina ya wateja hayatajwi. Kwenye maswali ndipo panaponitoa jasho, maana mfanyabiashara haulizi. Anashauri, kisha anabandika alama ya kuuliza.

Dada alikuwa na ugonjwa wa kukua: mauzo yanapanda, akaunti inakauka. Karatasi anailipia ndani ya siku 30, mteja wake mkubwa anamlipa baada ya 90. Siku 60 za katikati anazibeba yeye, na oda ikiongezeka mzigo nao unaongezeka. Akipiga simu, mhasibu wa mteja anajibu, "Bosi yuko safarini."

Aliyewaka kuliko wote ni mzee mmoja wa malori. "Huyo ni mwizi mwenye muhuri! Mkatie mzigo!"

"Mzee, hapa hatuamrishani," nikamwambia. "Tueleze wewe ulifanyaje."

"Haya. Mimi wangu nilimkatia siku hiyo hiyo, na simu zake sikupokea. Alilipa mwenyewe, mbio!"

Wenzake wakagonga meza. Dada akageuza kiti, macho yanang'aa, akafungua daftari.

"Jumatatu nasimamisha oda. Zile katoni za sabuni, zenye matundu mawili upande mmoja..."

Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kichwa kikagandia katikati ya safari.

"Upande mmoja tu?"

"Ndiyo, mzee. Eti yakiwa pande mbili, mashine yao ya kufungia inakwama."

Kumbe mbali na malori, mzee ana kiwanda cha sabuni alichomwachia meneja, chenye jina jingine kabisa. Kwenye fomu hakikuwa na pa kukaa.

Sasa, kila ahadi lazima ipate wa kuifuatilia, na huwa ni aliyekaa kulia kwa mwenye zamu. Kulia alikaa mzee.

"Utanisimamia nisilegee, baba?" dada akauliza, kwa moyo mweupe.

Mzee akaomba dakika mbili, akatoka na simu. Mlango ule haufungi vizuri, kwa hiyo sote tulimsikia akiunguruma kule nje: "Bosi gani yuko safarini?"