Wema hauozi, kanga je?

Mama mkwe alipofika kwetu kutoka Tanga, kitu cha kwanza nilichomwonyesha hakikuwa chumba chake. Kilikuwa mashine ya kufulia. Nimeinunua mtumba, imetoka Ujerumani, na kwa wiki tatu nilikuwa nawatambia watu kazini kwamba ni aina ya Schleudern, kwa sababu ndilo neno lililoandikwa kwenye kitufe cha kuzungusha. Baadaye sana nikaambiwa maana yake ni kukamua. Yaani ni sawa na mtu anunue jiko halafu atambe kwamba ni la aina ya Zima.

Mama aliizunguka, akaigonga ubavuni kwa kucha kama anayechagua nazi.

"Na mikono yenu mmeipeleka wapi?"

Jumamosi kulikuwa na singo ya binti wa ukoo, saa kumi alasiri, na sare ya kina mama ilikuwa doti ya kanga yenye jina WEMA HAUOZI. Kanga mpya ina gundi, ukiivaa hivyo hivyo inasimama kama boksi, kwa hiyo asubuhi mama alishachukua beseni na kipande cha sabuni. Nikamnyang'anya kwa adabu zote. Mama, wewe ni mgeni wetu, kaa unywe chai, dakika 40 tu. Na kwa kuwa niliona doti moja ndani ya pipa lile ni kupoteza maji, nikaongeza suruali zangu zote za kazini. Nikabaki na msuli.

Dakika 40 zikapita. Ikapita saa. Nikaenda kuchungulia, mashine imenyamaza, kitaa chekundu kinapepesa, maji yamefika nusu ya kioo. Kanga imejibandika kwenye kioo, inasomeka neno moja tu: HAUOZI.

Nikavuta mlango, haukutikisika. Nikabonyeza kila kitufe, hata kile cha Schleudern. Ikanguruma kidogo kama mzee aliyeamshwa, ikanyamaza tena. Basi nikafanya ninavyofanya king'amuzi kikigoma: nikachomoa waya ukutani, nikachomeka. Nikavuta. Nikachomoa, nikachomeka, nikavuta. Mama amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Mwanangu, si uiache ipumzike kwanza?"

Nikamwambia mama, hizi si ng'ombe.

Kufikia saa sita nilikuwa nimejaribu kisu cha siagi, kijiko, na ushauri wa jirani anayetengeneza mafriji, ambaye aliitazama mashine muda mrefu, akaipiga kofi, akasema tatizo lipo kwenye mlango. Mtoto wangu wa pili alikuja na mchi wa kinu akauliza kama tuvunje. Kila tukiitingisha, kanga inageuka: mara WEMA, mara HAUOZI. Mama watoto alikuwa anarekodi kwa simu. Nilimsihi aache. Akasema harekodi, anaangalia saa.

"Wema hauozi," mama mkwe akasema taratibu, kama anayejisemea. "Lakini pamba ikilala majini inaoza."

Hapo ndipo nilipokubali kumpigia fundi. Fundi alikuwa kwenye daladala, nyuma yake konda anaita abiria, kwa hiyo maelezo yote aliyatoa kwa kupiga kelele, na mimi simu nimeweka sauti ya nje ili mikono iwe huru.

"Ina maji ndani?"

"Ina maji."

"Sasa ikikufungulia na maji ndani si utaoga? Haifunguki makusudi! Kule chini, kona ya kulia, kuna kifuniko kidogo. Kifungue. Ndani kuna kitu cha kuzungusha, hicho ndicho chujio. Maji hayatoki kwa sababu chujio limeziba. Kinga maji, halafu legeza polepole. Polepole, kaka!"

Nilileta ndoo, haikuingia, kile kitundu kiko karibu na sakafu. Beseni nalo refu. Chombo pekee ndani ya nyumba kilichopita pale kilikuwa sinia la pilau, ambalo mama mkwe ndiye aliyelileta zawadi, na alinitazama nikilisukuma chini ya mashine bila kusema neno. Afadhali angesema.

Nikalala kifudifudi, nikalegeza. Tone. Tone. Sinia limejaa, nikakaza, nikamwaga, nikarudi. Sinia linabeba lita mbili kwa kukisia, na humo ndani hazikupungua 15. Safari ya tatu nikachoka kuwa mpole. Nikazungusha mara mbili zaidi.

Chujio likaruka mkononi, na maji yakaja yote. Si kwa kumwagika, ni kwa kutumwa. Yaliniingia puani, yakapita chini ya tumbo, yakaelekea sebuleni kumsalimia mgeni. Nikajaribu kusimama, na hapo msuli ukiwa umelowa ukawa na uzito wa gunia la chumvi, ukaanza safari yake wenyewe kuelekea chini. Mbele ya mkwe! Nikaukamata kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeziba tundu, na kwa heshima za Kitanga mama aligeuka ukutani papo hapo, akaanza kusoma kalenda kwa sauti. Alisoma mpaka Novemba.

Maji yalipokwisha, fundi bado yuko hewani. "Umeona nini kwenye chujio?"

Nilikuwa nimeona. Ndiyo maana nilinyamaza.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Machi niling'oa jino, daktari akasema sukari basi, nami nikaapa mbele ya mke wangu kwamba ubuyu kwangu mwisho. Tangu siku hiyo watoto ndio wamekuwa wakigombezwa kwa kila kokwa inayookotwa kwenye nyumba ile. Ukweli ni kwamba ofisini sina pa kutemea. Natemea mkononi, natia mfukoni.

Mama mkwe alikuwa ameshainama. Akazitoa moja moja, akazipanga kwenye ukingo wa sinia lake. Alipofika ya ishirini na tatu akaniangalia usoni, kisha akawaangalia wajukuu zake.

"Hizi suruali zilizomo humu ni za nani?"

Fundi kule kwenye daladala alicheka mpaka nikasikia abiria wengine nao wanacheka.

Na mlango bado haukufunguka. Maji hakuna, chujio safi, mlango kimya. "Chomoa waya," fundi akasema, "halafu usiguse kitu dakika mbili. Kitasa chake kina kibati kinachopata joto umeme ukiwepo, ndicho kinachofunga. Mpaka kipoe. Wewe ulikuwa unachomoa unachomeka, kinapoa saa ngapi?"

Nilichomoa. Tukakaa wote sebuleni, miguu majini, hakuna anayeongea. Mama anakunywa chai yake. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili.

Tak!

"Imepumzika," mama akasema.

Kanga ilikuwa salama, jua la saa nane liliikausha juu ya uzio kwa muda mfupi. Suruali zangu za kaki ndizo zilizotoka na rangi ya uji wa ulezi, maana kanga mpya haijui utani wa kuchanganywa.

Saa kumi kamili niliwafikisha kwenye singo. Mimi ni wa kushusha na kuondoka, wanaume hatuingii. Lakini nilipogeuza gari nikaona kina mama kumi hivi wa WEMA HAUOZI wamejipanga kibarazani, wameshika simu, wananitazama kwa huruma iliyozidi kiasi. Nikamgeukia mke wangu. Akafungua mlango wa gari haraka sana.

Bibi mmoja, simjui hata jina, akaja mpaka dirishani. Akanipa kipakiti chekundu, kimefungwa vizuri na uzi.

"Chukua, mkwe wetu. Ila hizi kokwa uteme nje."