Chumvi ya Florida haina tofauti na ya Nyali

Swali la nyumbani Kenya ni lile lile kila mara: wenzetu huko Marekani wametuzidi nini? Kwa sisi tulioko Florida, jirani na Kennedy Space Center, kituo cha NASA cha kurushia roketi, watu hungoja tutaje akili na pesa. Pesa, sawa. Akili nakataa. Ukiingizwa ndani ya uzio wa majukwaa ya kurushia roketi, kinachoduwaza si kompyuta. Ni rangi, maji na kokoto.

Rangi kwanza, maana hii mtu wa Mombasa ataielewa haraka kuliko wa bara. Majukwaa 39A na 39B yako ukingoni mwa Atlantiki, na upepo unayamwagia chumvi usiku na mchana, chumvi ile ile inayokula madirisha ya Nyali na mabati ya Likoni. Juu yake, roketi za mafuta makavu zikiwaka hutoa asidi ya hidrokloriki. Kwa hiyo roketi ikishaondoka, jukwaa huoshwa. Chuma cha kupakwa upya hupigwa mchanga kwa hewa ya kompresa mpaka king'ae, chumvi iliyojificha kwenye vishimo huoshwa kwa maji matamu, kikauke, kisha rangi ya kwanza yenye zinki nyingi ipakwe saa hizo hizo kabla kutu haijarudi. Zinki huliwa kwanza, chuma kikabaki. Ukiruka hatua ya kuosha, chumvi iliyofunikwa huvuta unyevu kupitia rangi, malengelenge yakatokea, na kutu ikatambaa chini kwa chini wewe ukiona juu kunapendeza.

Kwetu fundi hupitisha brashi ya waya mara mbili tatu, akapaka, akalipwa. Simlaumu. Mwenye jengo ndiye aliyekataa kulipia siku ya kuosha. Wala tusijisingizie kwamba ni elimu ya kigeni: jahazi lilipandishwa pwani maji yakipwa, likakwanguliwa, likatiwa kalafati ya kuziba nyufa na deheni, mafuta ya kulinda mbao, na nahodha hakungoja livuje kwanza.

Maji nayo. Enzi za Space Shuttle, chombo cha Marekani cha kubeba wanaanga kilichorushwa tena na tena, kando ya jukwaa palikuwa na mnara wa mita 88 wenye tangi la lita zaidi ya milioni 1.1. Roketi ilipokaribia kuwaka, vali zilifunguliwa na maji yote yakashuka kwa uzito wake kwa sekunde 41. Pampu hazikutumika kuyashusha, kwa sababu pampu inaweza kugoma sekunde ile ile unayoihitaji. Wengi hudhani maji hayo ni ya kuzima moto. Kazi yake kubwa ni kumeza mshindo. Mawimbi ya sauti yakigonga zege hurudi juu na kukivunja chombo chenyewe. Safari ya kwanza ya Shuttle, Aprili 1981, wimbi la shinikizo lilizidi makadirio na chombo kikapoteza baadhi ya vigae vyake vya kukinga joto, ndipo mfumo wa maji ukabadilishwa kabla ya safari ya pili. Lita hizo ni zaidi ya mitungi 55,000 ya lita 20. Mpe hesabu hiyo muuza maji wa mkokoteni kule Kisauni uone atakavyokutazama.

Haidrojeni, mafuta ya roketi kubwa za NASA, ndiyo inayowatoa jasho mafundi mpaka leo. Huhifadhiwa ikiwa kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri, na molekuli zake ni ndogo kuliko zote. Mabomba lazima yapoozwe polepole kabla ya kujaza, la sivyo vyuma na mipira ya viungio hunywea kwa viwango tofauti na gesi ikapenya. Kisha inatosha asilimia 4 tu hewani kushika moto, na mwali wake mchana hauonekani. Mwaka 2022 roketi ya Artemis I, safari ya majaribio ya kwenda mwezini bila watu, iliahirishwa mara kadhaa, na uvujaji huu ulikuwa miongoni mwa sababu, mpaka ikaruka tarehe 16 Novemba.

Kokoto nitazipitia tu: njia ya mtambo unaobeba roketi, wenye mwendo wa kilomita 1.6 kwa saa ukiwa na mzigo, imetandazwa mawe ya mtoni ya mviringo. Kokoto za reli hutakiwa kuwa na makali ili zishikane. Hizi hutakiwa ziteleze chini ya vyuma vya mtambo, zisitoe cheche.

Sasa nyumbani. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini la San Marco kuanzia 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka pale Uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Pale karibu na ikweta dunia inakupa msukumo wa bure unaozidi wa Florida kwa takriban kilomita 200 kwa saa, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Tangu 1988 hakuna satelaiti iliyorushwa pale.

Kwa hiyo kila nikisikia mipango ya kuirudisha Kenya kwenye urushaji, sitafuti picha ya roketi kwenye makabrasha. Natafuta ukurasa wa kupaka rangi: nani atapiga mchanga, nani ataosha, na mshahara wake wa mwaka wa kumi umeandikwa wapi.